Bunduki ya magnum kwa windo la kulungu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa mwindaji mwenye leseni anayefikiria kuagiza bunduki ya magnum kwa fundi, itengenezwe kwa kipimo chake, au kuinunua tayari kisha kuilisha risasi inayoifaa. Wengi huanza kwa kuuliza kasi, kisha nguvu, na mwisho kabisa kichwa cha risasi. Mimi nashauri mpangilio uwe kinyume: uchague kwanza kichwa cha risasi, uangalie bega lako linabeba nini, kasi ifuate baadaye.

Magnum inatofautianaje na risasi ya kawaida?

Tofauti iko kwenye ganda. Ganda la magnum lina tumbo kubwa, linabeba baruti nyingi, na kwa hiyo kichwa kinatoka mtutuni kwa kasi zaidi. Chukua .308 Winchester na .300 Winchester Magnum. Vichwa vyao vina kipenyo kilekile cha milimita 7.82. Ya kwanza hurusha kichwa cha gramu 9.7 kwa mita 860 hivi kwa sekunde. Ya pili hurusha kichwa kizito zaidi, cha gramu 11.7, kwa mita 900 hivi kwa sekunde. Nishati inapanda kutoka karibu jouli 3,600 hadi karibu jouli 4,750.

Chimbuko la ukoo huu ni London. Mwaka 1912 kampuni ya Holland & Holland ilitoa .375 Magnum, yenye mkanda wa shaba mbele kidogo ya kitako cha ganda. Mabega ya ganda lile, yaani pale linapopungua kuelekea shingoni, yamelala sana, hayawezi kulizuia lisizame ndani ya chemba (chumba cha risasi nyuma ya mtutu), hivyo mkanda ndio uliofanya kazi hiyo. Waliokuja baadaye waliurithi mkanda hata pale ambapo mabega yangetosha: .300 ya Weatherby mwaka 1944, .338 ya Winchester mwaka 1958, 7mm ya Remington mwaka 1962 na .300 ya Winchester mwaka 1963. Magnum za karne hii kama .300 WSM, 6.5 PRC na .300 PRC hazina mkanda, na hakuna kilichopungua.

Je, kulungu anahitaji magnum kweli?

Mara nyingi hahitaji. Dume mzima wa kulungu wa mkia mweupe wa Marekani Kaskazini si mnyama mgumu kuuawa, na paa mdogo wa misitu ya Ulaya hafikii hata theluthi ya uzito wake. .30-06 ya mwaka 1906, .270 ya mwaka 1925 na .308 ya mwaka 1952 zimeangusha kulungu wasiohesabika, na zinaendelea. Ukiwinda msituni, mahali ambapo mnyama anaonekana kwa mita 60 au 100, magnum itakupa kelele zaidi, teke zaidi na nyama iliyovia damu begani.

Hata kwenye mwendo wa risasi, faida ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Bunduki mbili zikisawazishwa zote kupiga katikati kwa mita 200, kwa mita 300 .308 yenye kichwa cha gramu 9.7 itakuwa imeshuka karibu sentimita 25, na .300 yenye kichwa cha gramu 11.7 karibu sentimita 20. Sentimita tano hizo hazigeuzi mwindaji mbaya kuwa mzuri.

Magnum inajilipa kwenye nchi ya wazi. Kulungu nyumbu wa milima ya magharibi mwa Marekani husimama ng'ambo ya bonde na huna njia ya kumkaribia. Kulungu mwekundu hulisha kwenye vilima visivyo na mti, na upepo haupumziki. Hapo, kichwa kirefu chenye umbo linalopasua hewa vizuri, kikitoka kwa kasi ya magnum, husukumwa kidogo na upepo na hufika kikiwa bado na kasi ya kukifungua. Upepo ndio sababu ya kwanza ya kununua magnum. Kushuka kwa risasi kunapimika kwa chombo cha kupima umbali na kurekebishwa kwenye darubini. Upepo unabaki kuwa makisio.

Sheria inaruhusu kaliba yoyote?

Hapana, na hili ulimalize kabla hujatoa hela ya mtutu. Uingereza na Wales zinataka kaliba isiyopungua .240 ya inchi kwa aina nyingi za kulungu, na nishati isiyopungua futi-pauni 1,700, yaani kama jouli 2,300. Ujerumani inataka kipenyo kisichopungua milimita 6.5 na jouli 2,000 kwa mita 100 kwa kulungu wakubwa, na jouli 1,000 kwa umbali huohuo kwa paa mdogo. Magnum zote tunazozungumzia hapa zinavuka viwango hivyo.

Tatizo linaweza kuwa upande wa pili. Jimbo la Ohio, Marekani, haliruhusu kumwinda kulungu kwa risasi zenye ganda la shingo kama .300 Winchester Magnum. Bunduki zake za kulungu ni zile za ganda lililonyooka. California nayo imepiga marufuku risasi za plumbi (metali nzito ya risasi) kwa uwindaji wote tangu Julai 2019. Na kutengeneza au kubadilisha bunduki kunaongozwa na sheria zake, tofauti kabisa na leseni ya kuwinda.

Nichague kaliba ipi?

Kwa mtu anayewinda kulungu tu, ningeanza na 7mm Remington Magnum. Vichwa vyake vya gramu 9.1 hadi 10.5 ni virefu na vyembamba, vinakata upepo, na teke lake linavumilika. Risasi zake zinapatikana karibu kila panapouzwa risasi za kuwindia.

.300 Winchester Magnum ninaipendekeza kwa mwenye kuwinda pia wanyama wakubwa zaidi, kama elki au muzi (moose), jamaa wakubwa wa kulungu, kwa bunduki hiyohiyo. Kwa kulungu peke yake ni zaidi ya kinachohitajika.

6.5 PRC ni ya kisasa, teke lake ni dogo kuliko la hizo mbili, na inalenga vizuri sana. .257 Weatherby ina kasi ya kutisha na inawafaa wanaopiga mbali kwenye nchi ya wazi, ila mtutu wake huchakaa mapema. .338 iache. Ni bunduki nzuri ya dubu.

Kichwa cha risasi kina umuhimu gani?

Kuliko kitu kingine chochote kwenye ukurasa huu. Kinachoua ni kichwa, na magnum inakitesa kichwa kuliko risasi nyingine yoyote.

Kichwa cha kawaida ni plumbi iliyovikwa ganda jembamba la shaba. Kikigonga mnyama kwa kasi ya wastani kinafunguka mithili ya uyoga na kupenya. Kikigonga kwa kasi ya magnum kwa mita 50, hasa kikikuta mfupa wa bega, kinaweza kupasuka vipandevipande juujuu ya nyama, na kulungu akaondoka na jeraha pana lisilofika mapafuni. Watu husema bunduki imewaangusha. Bunduki ilifanya kazi yake. Kichwa hakikuumbwa kwa kasi ile.

Kisa kinachojulikana zaidi ni cha John Nosler. Mwaka 1946 alikuwa British Columbia, Kanada, akiwinda muzi kwa .300 H&H Magnum, na vichwa vyake vikawa vinapasuka kwenye ngozi nene ya mnyama iliyojaa tope bila kupenya. Alirudi akabuni kichwa chenye ukuta wa shaba katikati: plumbi ya mbele inafunguka, ya nyuma inabaki nzima na kusukuma. Partition iliingia sokoni mwaka 1948 na bado inauzwa.

Leo una njia tatu za kuaminika. Kuna vichwa vyenye ukuta kama huo. Kuna vile ambavyo plumbi imeunganishwa na ganda lake kwa kuyeyushwa, visiachane. Na kuna vya shaba tupu, ambavyo Barnes ilivisambaza mwaka 1989, na ambavyo hubaki na karibu uzito wao wote ndani ya mnyama. Vya shaba ni vyepesi kuliko plumbi ya ukubwa uleule, hivyo huwa virefu, na vinataka kasi ili vifunguke. Ndoa yao na magnum ni nzuri. Ukiwa na kaliba ya .300, usione aibu kutumia cha shaba cha gramu 9.7 au 10.7 badala ya kizito.

Kaa mbali na vichwa vya mashindano. Vinatoboa karatasi vizuri ajabu, ila havikuundwa ili vifunguke kwa namna ileile kila mara ndani ya mwili.

Fundi atanitaka niamue nini?

Atakuuliza mambo mengi. Manne kati yake ndiyo yenye uzito.

La kwanza ni mtambo, yaani sehemu inayoingiza risasi chembani na kuifyatua. Mitambo ya boliti inayotumika zaidi kama msingi inafuata Mauser 98, Winchester Model 70 ya mwaka 1936 au Remington 700 ya mwaka 1962. Hakikisha uso wa boliti na urefu wa magazini vinalingana na ganda ulilochagua. Mtu huagiza kaliba ya kichwa kirefu kisha akagundua magazini haiingizi risasi mpaka kichwa kisukumwe ndani zaidi ya ganda, na nafasi ya baruti aliyoilipia ikapotea.

La pili ni mtutu. Magnum hutumia baruti inayoungua polepole, na inahitaji urefu ili iungue vizuri. Inchi 24 hadi 26, yaani sentimita 61 hadi 66, ndio urefu wa haki. Ukiukata hadi inchi 20 utabaki na kelele na mwali wa magnum na kasi ya .30-06. Mwulize pia mzunguko wa michirizi ya ndani: kwa .300 desturi ni mzunguko mmoja kwa kila inchi 10, kwa 7mm ni mmoja kwa inchi 9 au 9.5. Kichwa kirefu kinataka mzunguko wa haraka zaidi, kwa hiyo mwambie fundi jina na uzito wa kichwa utakachotumia kabla hajaagiza mtutu.

La tatu ni jinsi mtambo unavyokaa kwenye stoki, ule mwili wa bunduki unaoegemea begani. Mtambo ukicheza hata kwa unene wa karatasi, kila teke linauhamisha na risasi zinatawanyika. Fundi mzuri huumwagia kitanda cha gundi ngumu cha kukalia, na huacha mtutu usiguse mbao. Jaribu mwenyewe siku ya kuichukua: pitisha noti ya karatasi kati ya mtutu na stoki, kuanzia mbele mpaka karibu na chemba. Ikikwama mahali, mrudishie.

La nne ni triga. Uzito wa kilo 1.4 hivi, unaokatika ghafla bila kuburuta, unatosha kwa bunduki ya kuwindia. Triga nyepesi sana na vidole vilivyokufa kwa baridi ni hatari.

Na usikubali bunduki ambayo haijapimwa kwa shinikizo. Katika nchi nyingi za Ulaya ni lazima ipigwe risasi za majaribio na kugongwa muhuri. Nyumba ya upimaji ya Birmingham inafanya kazi hiyo tangu mwaka 1813. Pasipo na sharti hilo, mtake fundi akuoneshe vipimo vya chemba na akupe maganda ya risasi alizopiga yeye mwenyewe.

Teke lake ni kali kiasi gani?

.308 yenye uzito wa kilo 3.4 hupiga teke la jouli 21 hivi. .300 Winchester Magnum ya kilo 3.9 hufika karibu jouli 35, ingawa ni nzito zaidi. Ukiitengeneza magnum ya mlimani yenye kilo 2.9 na darubini yake, unajitafutia bunduki utakayoiogopa, na anayeiogopa bunduki hufumba macho na kuivuta triga kwa kuishtukia. Nimewaona wanaume wenye mabega mapana wakifanya hivyo. Haina uhusiano na ujasiri. Mwili unajilinda wenyewe.

Dawa ya kwanza ni kipimo. Urefu wa tako ukulingane, na shavu likae kwenye stoki bila wewe kunyoosha shingo. Halafu mpira mzuri wa begani. Uzito wa kilo 3.9 hadi 4.2 pamoja na darubini ni wa busara. Breki ya mtutu hupunguza teke sana, lakini hurudisha mlio kwako na kwa uliye naye. Mlio wa magnum unapita desibeli 160, na madhara ya kudumu ya masikio huanza kwenye 140. Palipo halali, kizuia sauti ni bora kuliko breki. Vyovyote iwavyo, vaa vikinga masikio hata windoni.

Darubini nayo iwe na nafasi ya sentimita 9 au zaidi kutoka jichoni. Ikikaa karibu, pete yake ya nyuma itakuchana juu ya nyusi, hasa ukipiga ukiwa umelala kuelekea mlimani.

Nijaze risasi mwenyewe au ninunue?

Nunua kwanza. Jaribu aina tatu au nne zenye kichwa unachokitaka, piga vikundi vya risasi tatu kwa mita 100, uone bunduki inapenda nini. Risasi za kiwandani za leo ni nzuri mno, na wengi hupata walichokitafuta hapo.

Wanaojaza wenyewe wana sababu mbili za kweli: kutumia kichwa ambacho hakiuzwi kikiwa kimefungwa tayari, na kuifanya risasi ifuate chemba moja tu, ile ya bunduki yao. Kama hiyo ndiyo nia yako, jifunze ana kwa ana kwa mtu mzoefu, na ufuate kitabu cha sasa cha mtengenezaji wa baruti au wa vichwa. Sitaandika vipimo vya baruti hapa, na nakuomba usivichukue kutoka kwa mtu yeyote asiyekuonesha kitabu kilichochapishwa. .300 Winchester Magnum imewekewa kikomo cha shinikizo cha pauni 64,000 kwa inchi ya mraba. Uso wako uko sentimita chache kutoka hapo.

Anza chini ya kiwango cha kitabu na upande kidogokidogo. Boliti ikiwa nzito kuinuka, au fataki (kiwashio cha kitakoni) ikionekana imebapa na kitako cha ganda kimeng'aa alama, simama, ushuke. Weka chupa moja tu ya baruti mezani. Baruti mbili zinaweza kufanana kwa macho na moja ikawa ya bastola, na hapo mtambo hupasuka.

Magnum zenye mkanda zina ugonjwa wao. Kwa kuwa ganda linashikiliwa na mkanda, chemba nyingi huacha nafasi mbele ya mabega, na ganda hunyooka kila linapopigwa. Ukilirudisha kwenye umbo lake kupita kiasi kila mara, linakonda mbele kidogo ya mkanda, na baada ya kutumika mara chache hukatika vipande viwili chembani. Ukiona mstari unaong'aa umezunguka ganda sehemu hiyo, litupe. Rekebisha mashine yako irudishe mabega kwa kiasi kidogo tu, ganda liendelee kushikiliwa na mabega yake.

Niisawazishe kwa umbali gani?

Mita 200. Kwa mita 100 itapiga sentimita 4 hivi juu, kwa mita 250 itakuwa chini kidogo, na katikati ya hapo unalenga mahali pamoja bila hesabu. Piga risasi tatu, acha mtutu upoe mpaka uushike bila kuunguza, ndipo upige tatu nyingine. Mtutu wa magnum huchemka haraka, na risasi za mtutu wa moto hazikuambii kitu, kwa sababu kulungu utampiga na mtutu baridi. Risasi ya kwanza ya asubuhi ndiyo ya kuiandika daftarini.

Ukishamaliza mezani, ondoka mezani. Piga ukiwa umekaa, umepiga goti, umeegemea mkoba au fimbo. Umbali ambao unaweza kuweka risasi zote ndani ya duara la sentimita 20 kwa mkao huo ndio mwisho wako, hata kama bunduki inafika mara mbili yake.

Nilenge wapi, na nifanye nini baada ya kupiga?

Akisimama ubavu, fuata mguu wa mbele kwenda juu, uweke risasi nyuma kidogo ya bega, theluthi moja ya kimo cha mwili kutoka chini. Hapo kuna mapafu yote mawili na sehemu ya juu ya moyo. Akielekea mbali nawe kwa pembe, lenga ili risasi itokee kwenye bega la upande wa pili. Akikupa mgongo, subiri. Magnum haikupi ruhusa ya kumpiga kulungu kwa nyuma.

Kulungu aliyepigwa mapafu huweza kukimbia mita 50 au 100 kabla hajaanguka, kwa hiyo usifikiri umekosa. Sukuma risasi nyingine chembani mara moja, weka alama ya kudumu machoni mahali aliposimama, na usikilize. Kisha nenda pale ukachunguze. Damu nyekundu hafifu yenye mapovu ni ya mapafu, na atakuwa karibu. Damu nzito ya rangi ya maini inataka subira ya saa kadhaa. Ukikuta majimaji ya kijani yenye harufu ya majani yaliyotafunwa, amepigwa tumboni. Ukimfuata sasa hivi ataamka alipolala na kwenda usikokufika, hivyo ondoka kimya, urudi baada ya saa nyingi, ukiwa na mbwa wa kufuata damu kama sheria inamruhusu.

Nywele pia husema. Nywele nyeupe mahali alipopigwa mara nyingi ni za tumbo. Chukua chache, zitazame mkononi kabla hujapiga hatua ya pili.

Nitunze vipi bunduki ya namna hii?

Baruti nyingi na kasi kubwa huacha shaba ndani ya mtutu na hula mwanzo wa michirizi, mbele tu ya chemba. Safisha baada ya risasi 20 au 30 za mazoezi, kwa dawa ya kuondoa shaba na fimbo iliyopita kwenye kiongozi nyuma ya mtambo, usichubue michirizi. Kisha piga risasi moja au mbili kabla ya kwenda windoni, maana mtutu uliosafishwa mpaka chuma huweza kupiga pembeni kidogo.

Ukianguka, au ukiegemeza mdomo wa bunduki kwenye theluji au tope, toa risasi, fungua boliti, uchungulie mtutu kutoka nyuma mpaka uone mwanga wa upande wa pili. Kipande kidogo cha tope mbele ya risasi ya magnum kinatosha kuupasua mtutu.